Mlango wa Zahanati

Ukiulizwa umbali uliopo kati ya kitanda chako na zahanati ya jirani, yamkini utajibu kwa dakika au kwa hatua. Utasema ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, au ni vituo viwili kwa matatu. Jibu hilo ni sahihi kwa mpima ardhi, lakini halitoshi kwa mgonjwa. Kwa mgonjwa umbali hupimwa kwa vitu vingine: kwa saa alizo nazo, kwa fedha iliyo mfukoni mwake, kwa macho ya majirani, na kwa ruhusa ya wakubwa wake. Zahanati yaweza kuwa nyuma ya ukuta wa chuo, na bado ikawa mbali kuliko Mombasa. Nataka kusema nawe juu ya umbali wa namna hiyo, kwa sababu wewe ni mwanafunzi, na sijaona mtu awezaye kukaa karibu na tiba na kuikosa kama mwanafunzi.

Nilisomea ufundi katika chuo kimoja cha mitaa ya mashariki ya Nairobi, ile ambayo watu wote huiita Eastlands, na huko ndiko nilikolelewa. Kwa hiyo mifano yangu itatoka huko. Lakini kama wewe wasoma Kisumu, au Tanga, au Jinja, usidhani kuwa habari hii haikuhusu. Majina ya mitaa hutofautiana. Mashaka ya mwanafunzi mgonjwa hufanana.

Mitaa hii haikuanza jana. Pumwani, ambao ni kama mama wa mitaa mingine, ulianzishwa katika miaka ya 1920 uwe makao ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Mwaka 1926 ilifunguliwa huko nyumba ya uzazi iliyopewa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo. Nyumba hiyo ndiyo leo Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, mahali ambapo watoto wasiohesabika wa Nairobi wametoa kilio chao cha kwanza. Katika miaka ya 1940 ukajengwa Kaloleni, mtaa wa nyumba za mawe na mapaa ya vigae, uliopangwa uwe na ukumbi, shule na mahali pa tiba katikati ya wakazi wake. Ikafuata Bahati, Mbotela, Ofafa, Jericho; na kuanzia miaka ya 1970 ikaongezeka Buruburu, Umoja na Dandora. Leo viko vituo vya afya Bahati, Jericho, Makadara, Kariobangi, Kayole na Dandora, na juu yao iko Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyojengwa kwa msaada wa China na kupewa jina la mke wa Rais wa tatu wa Kenya.

Nimeyataja haya ili tusianze kwa lawama isiyo haki. Haiwezekani kusema kuwa Eastlands ni jangwa lisilo tiba. Madaktari ni wachache kuliko wagonjwa, dawa huisha kabla ya mwezi kwisha, foleni ni ndefu. Yote hayo ni kweli na yanajulikana. Walakini mlango upo. Swali langu ni hili: kwa nini kijana mwenye miguu mizima na akili timamu hupita mbele ya mlango huo kila siku, asubuhi na jioni, huku ameubeba ugonjwa kifuani, asiingie?

Kwanza na tumtazame mwanafunzi mwenyewe. Vyuo vikuu vikubwa, kama Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta, vina zahanati zao, wauguzi wao na madaktari wao. Mwanafunzi alalaye katika mabweni ya vyuo hivyo, akishikwa na homa usiku, ana mahali pa kubisha. Lakini wanafunzi walio wengi katika Eastlands hawakai mabwenini. Hulala nyumbani kwa wazazi wao, au kwa mjomba, au wamepanga chumba watatu pamoja. Huamka kabla ya jua, huenda chuoni, na kurudi kwa giza. Chuo chao ni jumba la ghorofa nne juu ya maduka, au ni uwanja mdogo wenye karakana mbili. Tiba ya chuo ni sanduku la huduma ya kwanza. Mwanafunzi huyu ana walinzi wawili wa afya yake, chuo na mtaa. Na mwenye walinzi wawili aghalabu hulindwa na hakuna. Chuo hudhani kuwa atatibiwa mtaani kwao. Mtaa hudhani kuwa atatibiwa chuoni kwake. Naye hukohoa katikati ya njia.

Neno hili la kukohoa silitumii kwa pambo. Nilikuwa na mwenzangu katika darasa la umeme, kijana mwembamba mwenye mikono mepesi, aliyeweza kufunga nyaya za nyumba nzima kabla sisi wengine hatujamaliza kuchora ramani yake. Aliishi na mama yake na wadogo zake wawili katika chumba kimoja. Mvua za Aprili zilipoanza, alianza kukohoa. Hakuna aliyeshangaa, maana wakati wa mvua nusu ya darasa hukohoa. Mwezi wa Mei wenzake tulipona, yeye akaendelea.

Chuo chetu kilikuwa na chumba kidogo kilichoandikwa mlangoni kuwa ni cha huduma ya kwanza. Ufunguo wake uliwekwa na mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa mtu wa safari nyingi. Ndani mlikuwamo bendeji, spiriti, na vidonge vya kutuliza maumivu ya kichwa. Aliyetaka kwenda kutibiwa nje alihitaji barua ya ruhusa, na barua ilitiwa sahihi na mtu mmoja tu, ambaye alikuwa na kazi nyingine nyingi. Tena ilikuwako kanuni: atakayekosa vipindi kupita kiasi kilichowekwa hataandikishwa kufanya mtihani wa mwisho. Mtihani ulikuwa mwezi wa Julai. Mwenzangu alipiga hesabu yake, akaona kuwa siku moja ya foleni ni siku moja ya kukosekana, na kuwa karo ya mwaka ule mama yake aliipata kwa kuuza mboga kwa rejareja. Basi akaamua kukohoa mpaka Julai.

Hakukaa bila dawa. Jioni, akitoka chuoni, alipita dukani kwa mwuza dawa akanunua chupa ya dawa ya kikohozi. Ilipokwisha alinunua nyingine. Baadaye akaambiwa na rafiki kuwa kuna vidonge vyenye nguvu. Akanunua vinne, kwa kuwa fedha yake ilitosha vinne. Kikohozi kikapungua kwa juma moja, kisha kikarudi na jasho la usiku. Kufikia mwisho wa Juni shati lilimning'inia kama lililotundikwa msumarini. Mwalimu wetu wa karakana, mzee asiyekuwa na maneno mengi, alimtazama siku moja akasema, "Mwanangu, wewe unakwisha," akamshika mkono akampeleka mwenyewe kituo cha afya, bila barua ya mtu yeyote. Nami nilifuatana nao nikimbebea mfuko wake.

Muuguzi aliyempokea alimwuliza, "Umekohoa tangu lini, mwanangu?"

Akajibu, "Tangu mvua za Aprili, mama."

"Na leo ni mwezi gani?"

Mwenzangu aliinamisha kichwa. Makohozi yake yalipopimwa yalionekana kuwa na kifua kikuu. Kwa desturi ya ugonjwa huo wote waliolala naye chumbani waliitwa wapimwe. Mama yake alikuwa mzima. Ndugu yake wa pili alikuwa mzima. Lakini kitinda mimba wao, mtoto wa kike wa miaka sita aliyelala naye godoro moja, alikuwa amekwisha kuambukizwa na kuugua.

Wote wawili walipona, nashukuru. Lakini mwenzangu alikuwa kitandani siku ile wenzake tulipoitwa majina kuingia katika chumba cha mtihani. Aliuficha ugonjwa ili auokoe mtihani, na ugonjwa ukauchukua mtihani. Alirudia mwaka, akafuzu, na leo ni fundi anayetegemewa. Ila pafu lake moja lilibaki na kovu, na apandapo ngazi husimama katikati kidogo ili avute pumzi.

Msomaji, fikiri juu ya jambo hili bila haraka. Katika kisa hiki hakuna mtu mwovu. Chuo hakikukusudia kumdhuru. Kanuni yake iliwekwa ili vijana wasitoroke masomo. Mtunza stoo hakumchukia. Mwuza dawa alimwuzia alichoomba. Mama yake alimpenda. Hata yeye mwenyewe alikuwa kijana mwenye bidii, na bidii yake ndiyo iliyomchelewesha. Palipo na mwovu, dawa yake ni kumwondoa. Lakini pale ambapo watu wema wamejenga ukuta bila kujua, hapana budi kwanza ukuta uonekane.

Na ukubwa wa hasara utauona vema ukijua jinsi ugonjwa wenyewe ulivyo. Kifua kikuu husababishwa na kijidudu ambacho Robert Koch, daktari wa Kijerumani, alitangaza habari zake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa au kusema katika chumba kisicho na madirisha ya kutosha. Dalili zake si siri: kikohozi cha majuma mawili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, na kukonda. Shirika la Afya Duniani liliitia Kenya katika orodha yake ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Walakini ni ugonjwa unaopona, na katika vituo vya serikali vya Kenya dawa zake hutolewa bila malipo.

Tena lipo jambo ambalo mwanafunzi wa Afrika Mashariki angepaswa kulijua kwa fahari. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitumia dawa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi walichoka wakaziacha njiani. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyoonyesha kuwa dawa zikichanganywa vizuri miezi 6 yaweza kutosha. Utafiti uliofuata ulilithibitisha jambo hilo, na miezi 6 ikawa desturi ya tiba katika dunia nzima: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Wagonjwa wa huku kwetu, ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya sifa, ndio walioifupishia dunia njia. Na mgonjwa aanzapo kutumia dawa ipasavyo, kwa kawaida baada ya majuma machache haambukizi tena. Majuma machache! Kama mwenzangu angaliingia mlangoni mwezi wa Mei, mdogo wake yamkini asingaliugua, na mtihani wa Julai angaliufanya.

Sasa na tuutazame huo ukuta. Nimeuona una sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni wakati. Zahanati na vituo vya afya hujaa asubuhi. Aingiaye kwenye foleni saa mbili aweza kuonwa saa sita, na akitumwa kupimwa hungoja tena. Saa hizo ndizo saa za masomo. Mtu mwenye kazi huomba ruhusa kwa tajiri wake. Mwanafunzi huambiwa alete barua kabla ya kwenda na hati baada ya kurudi, kana kwamba ugonjwa ni safari aliyoipanga mwenyewe. Akiona ugumu huo, husema moyoni, "Nitakwenda likizo." Lakini ugonjwa haujui mwezi wa likizo.

Sehemu ya pili ni haya. Katika mitaa yetu nyumba zimepangwa kwa safu, na mtu wa safu ya tatu anajua kilichopikwa safu ya kwanza. Benchi la zahanati liko mbele ya macho ya wote. Kijana huogopa kuwa muuguzi ni rafiki ya mama yake, au kuwa aliyeketi kando yake ni shangazi wa mwanafunzi mwenzake. Akikohoa, huchelea kusemwa kuwa ana ukimwi. Na msichana aendaye kutibiwa maumivu ya tumbo huchelea kusemwa kuwa ana mimba. Hofu hii ni kubwa zaidi kwa wasichana, na walimu wa kiume hawaijui, kwa sababu haijawapata. Hali hii isingekuwako kama kila mtu angeijua sheria. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inasema kuwa habari za mgonjwa ni siri, wala hazitolewi ila kwa idhini yake au kwa njia chache zilizotajwa na sheria. Lakini siri iliyoandikwa katika sheria haimtulizi kijana mpaka aione ikitunzwa na mtu mwenye uso na jina. Muuguzi mmoja afungaye mlango kabla ya kuuliza swali hufanya kazi kuliko mabango kumi ukutani.

Sehemu ya tatu ni urahisi wa duka. Duka la dawa halina foleni. Liko wazi mpaka usiku, haliulizi barua, halikutazami usoni kwa muda mrefu, na huuza kidonge kimoja kimoja kwa kadiri ya sarafu zako. Siwatukani wauza dawa. Wako miongoni mwao wenye elimu na utu, ambao humwambia mteja, "Hili si la dukani, nenda ukapimwe," wakaikosa fedha yake. Lakini duka kwa asili yake hujibu unachokiomba, halijui unachokihitaji. Dawa ya kuua vijidudu ikinunuliwa vidonge vinne badala ya kipimo kamili huwaua vijidudu dhaifu na kuwaacha wenye nguvu. Nyingine hupunguza dalili kwa siku chache, na kwa hiyo huuficha ugonjwa uzidi kukomaa gizani. Rahisi ya namna hiyo ni ghali kuliko hospitali.

Yamkini utaniuliza, "Je, umesahau fedha?" Sikuisahau. Nimeiweka peke yake kwa kuwa ina historia yake, na historia hiyo hueleza kwa nini wazazi wetu bado hawauamini mlango wa zahanati. Mwaka 1965 serikali ya Kenya huru iliondoa malipo ya wagonjwa wa nje katika hospitali zake. Desemba 1989 malipo yakaletwa tena kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka uliofuata yakasimamishwa. Mwaka 1992 yakaanza kurudishwa. Mwaka 2004 yakapunguzwa yakawa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya. Mwezi wa Juni 2013 hata hizo zikafutwa. Mwaka 2018 ikaja bima ya EduAfya kwa wanafunzi wa shule za sekondari za serikali; ilikoma mwisho wa mwaka 2023, na wanafunzi wa vyuo hawakuwamo hata ilipokuwapo. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua mahali pa mfuko wa zamani wa bima ya hospitali ulioanzishwa mwaka 1966. Kwa utaratibu huu mpya, aliyejiandikisha hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya kwa gharama ya mfuko wa serikali, na kijana aliye masomoni kwa muda wote, asiye na mapato yake, huhesabiwa kuwa tegemeo la mzazi wake mpaka afike umri wa miaka 25.

Mlango uliofunguliwa na kufungwa mara nyingi hivyo ni nani asiyeusitasitia? Mama aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa shilingi mwaka 1992 amemfundisha mwanawe kuogopa, na mwana huogopa bei ambayo huenda haipo tena. Asiyeijua bei huikadiria kwa kipimo cha hofu yake, na hofu haipunguzi bei. Kwa hiyo kazi ya kwanza juu ya fedha ni kujua: kuuliza leo, katika kituo cha leo, ni nini kinacholipiwa na nini hakilipiwi.

Nasikia pia sauti ya mwalimu, nayo yastahili kusikilizwa. Mwalimu husema, "Nikiwapa ruhusa wote waiombayo, darasa litakuwa tupu siku ya jaribio." Ni kweli wako wanafunzi ambao tumbo huwauma kila siku ya hesabu, na kichwa hupona kengele ya mwisho inapolia. Tuliwajua, kila darasa lina wake. Lakini na tupime hasara mbili katika mizani moja. Mvivu akimdanganya mwalimu, hasara ni kipindi kimoja cha hesabu, na mwenye hasara ni mvivu mwenyewe. Mgonjwa wa kweli akikataliwa, hasara ni pafu, na ni mtoto wa miaka sita aliye nyumbani, na ni darasa zima linalovuta hewa moja na madirisha yamefungwa kwa baridi ya Julai. Heri kudanganywa na kumi kuliko kumrudisha mmoja. Tena mvivu hugunduliwa kwa urahisi: mpeleke zahanati, naye atapona njiani.

Chuo kidogo hakiwezi kujenga hospitali, wala hakuna akitakaye kufanya hivyo. Lakini yako mambo ambayo hayahitaji jengo. Chuo chaweza kuandika katika kanuni zake kuwa siku ya kutibiwa, ikishuhudiwa na kadi ya kituo cha afya, si siku ya kukosekana. Chaweza kumchagua mtu mmoja, mwanamume, na mmoja, mwanamke, ambao mwanafunzi aweza kuwaendea bila barua na bila kuulizwa mbele ya wenzake. Chaweza kuuweka ufunguo wa chumba cha huduma ya kwanza mahali ambapo mtu yupo wakati wote. Chaweza kufanya mapatano na kituo cha afya cha jirani, ili mara moja kwa mwezi muuguzi aje kusema na wanafunzi, na wanafunzi wamjue kwa uso kabla ya kumhitaji. Chaweza kufungua madirisha. Katika yote haya hakuna hata moja linalozidi uwezo wa chuo chenye karakana mbili; yahitaji tu kuamini kuwa mwili wa mwanafunzi ni sehemu ya masomo yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inasema kuwa kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kupatikana, na kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Maneno hayo ni mazuri. Lakini haki ni kama maji ya bomba: serikali huleta bomba mpaka mlangoni, chuo huweka mfereji, na mwenye kiu hana budi kuinyosha mikono yake. Ukikosekana mmoja kati ya watatu hao, kiu haikatiki.

Basi nasema nawe, msomaji kijana, juu ya sehemu iliyo yako. Ukiwa mzima, nenda ukakitazame kituo cha afya kilicho jirani na shule yako. Jua siku zake, saa zake, na mlango wa kuingilia. Hakikisha kuwa wazazi wako wamejiandikisha na kuwa jina lako limo. Kikohozi kikipita majuma mawili, usikihesabu kuwa cha mvua. Usinunue nusu ya dawa. Kama huwezi kuipata nzima, afadhali uende mahali utakapopimwa kwanza. Ukipewa dawa, imalize, hata kama umepata nafuu siku ya tatu. Ukiwa na haya, mchukue rafiki mmoja muende wawili. Na ukimwona mwenzako anakonda, usingoje akwambie. Mzee wetu wa karakana hakuwa daktari, wala hakusoma kitabu cha tiba. Alikuwa na macho, na aliyatumia.

Elimu huombwa kwa miaka mingi na kulipiwa kwa jasho la wazazi. Huingizwa katika chombo kimoja tu, nacho ni mwili wa mwanafunzi, wala hakuna cha akiba. Wanafunzi wengi hukilinda cheti kwenye bahasha ya plastiki ili kisilowe, wakauacha mwili unyeshewe. Wewe usifanye hivyo. Umbali wa zahanati hupungua kwa mambo madogo: ruhusa moja, siri moja iliyotunzwa, swali moja lililoulizwa mapema. Na yeyote apunguzaye umbali huo, awe mkuu wa chuo, awe muuguzi, awe kijana amshikaye mwenzake mkono, amefanya kazi ya uganga hata kama hakuvaa koti jeupe.